Pokémon, Digimon na Swali la Ushindi

Baadhi ya wasomaji watashangaa kumwona mhadhiri akitumia wino wake kwa katuni za watoto wa Kijapani. Nawaelewa. Mtu akichambua biashara ya karafuu au ujenzi wa reli ya kati hakuna anayemuuliza kulikoni, lakini bidhaa ambayo imekaa mikononi mwa watoto wa mabara yote kwa takriban miaka 30 bado huonekana mzaha. Hata hivyo, wanafunzi wangu hubishana kuhusu Pokémon na Digimon kwa ari ambayo sijawahi kuiona tunapojadili Mkutano wa Berlin, na mabishano yao huishia kwenye jibu lile lile: Pokémon ilishinda kwa sababu ni bora.

Jibu hilo linanisumbua, kwa sababu linazunguka na kujirudia. Tunajuaje kwamba ni bora? Kwa kuwa ilishinda. Ilishindaje? Kwa kuwa bora. Anayelizoea jibu hilo kwenye katuni atalitumia pia atakapoeleza kwa nini chama fulani kilishika dola, kwa nini lugha fulani ilizimeza nyingine, kwa nini benki fulani ilibaki na nyingine zikafungwa. Ndiyo maana nimeona inafaa kulichunguza hapa, mahali ambapo hakuna atakayekasirika sana, ukiacha mashabiki.

Kwa wasiozifahamu, zote mbili ni hadithi na michezo ya kielektroniki inayohusu watoto na madubwana wao. Mtoto humpata kiumbe, humlea, humpambanisha na wengine, na kiumbe hukua na kubadilika umbo. Hata majina yanafanana: moja ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya madubwana ya mfukoni, nyingine ya madubwana ya kidijitali. Moja ilizaliwa Februari 1996, nyingine Juni 1997, nchi moja, mji mmoja. Ni nadra historia kumpa mtafiti ndugu wawili wanaofanana kiasi hiki, kisha mmoja awe tajiri wa kupindukia na mwingine abaki na riziki ya kawaida.

Tuanze na mkubwa. Satoshi Tajiri alizaliwa mwaka 1965 na kukulia Machida, pembezoni mwa Tokyo, enzi ambapo mashamba na madimbwi yalikuwa yakifukiwa kupisha nyumba na barabara. Utotoni alikuwa mwindaji wa wadudu. Mwaka 1983 alianzisha kijarida cha kujitolea kuhusu michezo ya video, alichokiita Game Freak. Mchoraji Ken Sugimori akajiunga naye, na mwaka 1989 kijarida kikawa kampuni ya kutengeneza michezo. Mwaka huo huo Nintendo ilitoa Game Boy, kifaa cha mkononi chenye kioo kidogo kisicho na rangi, ambacho kingeweza kuunganishwa na kingine kwa waya ili watu wawili washindane. Tajiri alipouona waya ule aliwaza wadudu wakitambaa juu yake, kutoka kifaa kimoja kwenda kingine.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo, na naomba msomaji asipapite haraka. Wazo la kukusanya madubwana halikuwa jipya. Mwaka 1967 televisheni ya Japani ilikwisha kuonyesha Ultra Seven, ambaye shujaa wake alibeba madubwana ndani ya vidonge. Mchezo wa Megami Tensei wa mwaka 1987 ulimwezesha mchezaji kuyashawishi mapepo yajiunge naye, na Dragon Quest V ya mwaka 1992 ilifanya vivyo hivyo kwa madubwana. Waya nao ulikuwapo. Wachezaji wa Tetris walikuwa wameutumia kushindana kwa miaka. Alichokifanya Tajiri ni kuuchukua waya wa ushindani na kuugeuza waya wa mabadilishano.

Kazi ilichukua takriban miaka 6, kwa kampuni iliyokaribia kufilisika njiani. Shigeru Miyamoto wa Nintendo ndiye anayetajwa kuwa mwenye shauri la kuutoa mchezo kwa matoleo mawili, Jekundu na Kijani, yenye viumbe wasiolingana kabisa. Nyoka Ekans yumo katika Jekundu na hayumo katika Kijani. Sandshrew ni kinyume chake. Mchezaji huanza kwa kuchagua kiumbe mmoja kati ya watatu, na wale wawili aliowaacha hawapati tena peke yake. Wapo wanne, akiwemo Kadabra, ambao hawafikii umbo lao la mwisho mpaka wapitishwe kwenye waya kwenda kwa mtu mwingine. Kwa maneno mengine, orodha ilikuwa na viumbe 150 na mchezo ulihakikisha kwamba hakuna mtoto, hata awe hodari namna gani, atakayeikamilisha bila mwenzake. Mtoto aliyenunua mchezo huo alikuwa na sababu ya wazi ya kumshawishi jirani yake naye anunue, tena anunue toleo jingine. Kampuni haikuhitaji kumlipa mshawishi huyo senti moja.

Ushahidi kwamba muundo huu ulitangulia umaarufu upo katika mwenendo wa mauzo yenyewe. Michezo ilipotoka tarehe 27 Februari 1996, Game Boy ilikuwa kifaa cha kizamani cha miaka 7, na wafanyabiashara walikuwa wakiingoja mashine mpya ya Nintendo 64. Hakukuwa na msisimko mkubwa. Hakuna katuni iliyokuwa imeonyeshwa, hakuna kadi. Mauzo yalikwenda polepole, kisha yakakataa kushuka. Mmoja wa waandaaji, Shigeki Morimoto, alikuwa amepenyeza dakika za mwisho kiumbe wa 151 aliyeitwa Mew, ambaye hapatikani kwa njia ya kawaida. Uvumi ulipoenea miongoni mwa watoto, jarida la vibonzo la CoroCoro lilitangaza bahati nasibu ya kumgawa Mew kwa wasomaji 20. Waliojitokeza walikuwa takriban 78,000. Kadi zilifuata Oktoba 1996, katuni ya televisheni tarehe 1 Aprili 1997. Hatimaye matoleo hayo ya mwanzo yaliuza zaidi ya nakala milioni 10 Japani pekee. Wanaosema kwamba katuni ndiyo iliyoiuza Pokémon wanausahau mwaka mzima wa kwanza, ambapo hapakuwa na katuni.

Sasa mdogo wake. Digimon haikutoka kwenye mfuko wa Pokémon, ingawa ndivyo ilivyosemwa Marekani. Asili yake ni Tamagotchi, kile kifaa chenye umbo la yai ambacho kampuni ya Bandai ilikitoa Novemba 1996, na ambacho wasichana wa Japani walikipigania madukani. Humo aliishi kiumbe wa kielektroniki aliyehitaji kulishwa na kusafishwa, la sivyo afe. Digital Monster ya Juni 1997 ilikuwa Tamagotchi iliyokusudiwa wavulana: kiumbe yule yule wa kulelewa, isipokuwa vifaa viwili viliweza kugusanishwa ili viumbe wapigane.

Tazama tofauti. Katika Digimon ya mwanzo, mtoto ana kiumbe wake. Agumon akilelewa vizuri huweza kuwa Greymon. Akipuuzwa huishia kuwa Numemon, kiumbe mwenye sura ya konokono anayechukiza. Namna anavyokua ni kumbukumbu ya namna alivyotunzwa. Kwangu mimi hilo ni wazo zito zaidi kuliko la mshindani wake, karibu ni somo la malezi. Lakini ni uhusiano wa watu wawili, mlezi na mlelewa. Huwezi kumgawa kwa mwingine, wala humhitaji mwingine ili ukamilishe chochote. Rafiki anahitajika kwa ajili ya kupigana tu, na asipokuwapo, kiumbe wako anaendelea kula na kulala. Bandai ilitengeneza kifungo cha mtoto na kiumbe. Game Freak ilitengeneza kifungo cha mtoto na mtoto. Kifungo cha kwanza ni kipenzi zaidi. Cha pili huzaliana.

Upande wa hadithi, nitawapa mashabiki wa Digimon haki yao yote. Katuni ya Digimon Adventure, iliyotengenezwa na Toei na kuanza kurushwa na Fuji TV tarehe 7 Machi 1999, ilikuwa na mwanzo, katikati na mwisho. Watoto waliovutwa kutoka kambi ya likizo hadi dunia nyingine walikuwa na majeraha ya kweli: ndugu wawili waliotenganishwa na talaka ya wazazi, mvulana aliyegundua kwamba yeye ni mtoto wa kuasiliwa. Filamu fupi za awali ziliongozwa na Mamoru Hosoda, ambaye leo ni miongoni mwa waongozaji wanaoheshimika zaidi wa katuni za Japani. Mwaka 2001 mwandishi Chiaki J. Konaka alisimamia msimu wa tatu, ambamo msichana mmoja anampoteza mwenzi wake na kuzama katika huzuni ambayo katuni nyingi za watoto zisingethubutu kuigusa. Wakati huo Ash wa Pokémon alikuwa bado na umri wa miaka 10, na angeendelea kuwa na miaka 10 mpaka baadhi ya watazamaji wake wakawa wazazi.

Kwa hiyo kama ubora wa simulizi ungekuwa ndio mwamuzi, tungekuwa na historia nyingine. Kwa kweli, ubora huo ulikuwa na gharama. Digimon ilibadilisha mashujaa na hata kanuni za ulimwengu wake karibu kila mwaka, na kila mara aliyekuwa amezoea alilazimika kuanza upya. Hadithi yenye mwisho humruhusu mtazamaji kuondoka. Machi 2003 msimu wa nne ulikwisha, na kwa miaka mitatu hapakuwa na msimu mpya wa televisheni.

Lipo pia suala la kifaa chenyewe. Pokémon ilisimama juu ya Game Boy, ambayo pamoja na ndugu yake ya rangi iliuza vifaa zaidi ya milioni 118 duniani. Barabara ilikuwa imekwisha kulimwa. Ilibaki kupitisha mizigo. Bandai nayo ilitaka barabara yake. Mapema mwaka 1997 ilitangaza kuungana na kampuni ya Sega, na ilipofika Mei mpango ukavunjika. Machi 1999 ikatoa kifaa chake cha mkononi, WonderSwan, na baadhi ya michezo ya Digimon ikaandaliwa kwa ajili hiyo. Mtu aliyehusika na ubunifu wa WonderSwan ni Gunpei Yokoi, yule yule aliyekuwa ameibuni Game Boy akiwa Nintendo. Alifariki katika ajali ya barabarani Oktoba 1997, kabla hajakiona kikiuzwa. Kilikuwa kifaa kizuri na cha bei nafuu, lakini hakikuuzwa Marekani wala Ulaya. Mtoto wa Chicago aliyependa katuni ya Digimon akaenda dukani alikuta michezo ya PlayStation isiyofanana na alichokiona kwenye televisheni, wala isiyofanana yenyewe kwa yenyewe.

Nimeliacha jambo la umiliki hadi sasa kwa makusudi, maana ndilo ambalo mashabiki huliruka na ndilo ambalo watumishi wa umma wanaosoma hapa wanapaswa kulitazama. Pokémon ina wenyewe watatu: Nintendo, Game Freak na Creatures, kampuni ya Tsunekazu Ishihara. Mwaka 1998 watatu hao waliunda chombo kimoja cha pamoja, ambacho tangu mwaka 2000 kinaitwa The Pokémon Company, chini ya Ishihara huyo huyo. Chombo hicho hakina kazi nyingine. Kila sanamu, kila shati, kila kadi, kila filamu hupita mezani pake. Kilipopata nguvu kilianza kurudisha nyumbani vilivyokuwa vimekodishwa: mwaka 2003 biashara ya kadi ilichukuliwa kutoka Wizards of the Coast, mwaka 2006 tafsiri ya katuni kutoka kampuni ya 4Kids.

Digimon haikuwahi kuwa na meza ya namna hiyo. Vifaa vilikuwa vya Bandai, katuni ya Toei, matangazo ya Fuji TV, na Marekani ilikuwa mikononi mwa Saban na mtandao wa Fox Kids. Hata mwanzilishi wake anayetajwa kwenye maandishi, Akiyoshi Hongo, ni jina la bandia. Kwa Bandai, Digimon ilikuwa bidhaa moja katika ghala lenye Gundam na vinyago vingine vingi. Ikiuza, vema, isipouza, kuna nyingine. Oktoba 2000 Fox ilichukua filamu fupi tatu za Kijapani zisizohusiana sana, ikaziunganisha kwa nguvu na kuziita filamu moja. Ilipata takriban dola milioni 9.6 katika majumba ya sinema ya Marekani. Filamu ya kwanza ya Pokémon, mwaka mmoja kabla, ilikuwa imepata zaidi ya dola milioni 85. Sitasema kwamba filamu ya Pokémon ilikuwa nzuri, wahakiki waliisulubu. Lakini ilikuwa filamu ya mtu anayejua anauza nini.

Kisha mwaka 2001 Fox Kids na mali zake ziliuzwa kwa Disney, ambayo haikuwa na sababu ya pekee ya kuipenda Digimon. Septemba 2002 saa za watoto za Jumamosi asubuhi kwenye televisheni ya Fox, zile zile zilizoitambulisha Digimon kwa Wamarekani, zilikodishwa kwa kampuni nyingine. Kampuni hiyo ilikuwa 4Kids, msambazaji wa Pokémon.

Isije ikadhaniwa kwamba nafasi ya bahati haikuwapo. Jioni ya tarehe 16 Desemba 1997, sehemu moja ya katuni ya Pokémon ilionyesha mwanga mwekundu na wa buluu ukimetameta kwa kasi, na watoto wapatao 685 wakapelekwa hospitali. Kipindi kilisimamishwa kwa miezi minne. Digimon wakati huo ilikuwa na miezi 6 tu, bila katuni. Mtu angetabiri usiku ule kwamba madubwana ya mfukoni yamekwisha, angeonekana mwenye busara. Kilichoiokoa Pokémon, kwa maoni yangu, ni kwamba mchezo ulikuwa umekwisha kuingia mifukoni na kadi zilikuwa zikibadilishwa viwanja vya shule. Televisheni ilinyamaza, mabadilishano yakaendelea. Aprili 1998 katuni ikarudi. Agosti mwaka huo mji wa Topeka, Kansas, ulijiita ToPikachu kwa siku moja na sanamu za Pikachu zikadondoshwa kutoka angani, na Septemba michezo ikaanza kuuzwa Marekani. Digimon ilipoonekana kwenye televisheni ya huko Agosti 1999, mwaka ulikuwa umepita. Kila mtu akaiona kuwa mwigo, na mwigo ikabaki, licha ya ukoo wake wa Tamagotchi ambao hakuna mtoto wa Ohio aliyekuwa na haja ya kuujua.

Wapo watakaoniambia kwamba nimemsahau Pikachu. Sijamsahau. Umbo lake, lililobuniwa na Atsuko Nishida, ni rahisi kuchorwa na mtoto wa miaka mitano, na hilo si jambo dogo. MetalGreymon anahitaji fundi. Lakini uzuri wa sura hueleza kwa nini kitu kinapendwa leo, haufafanui kwa nini kinadumu baada ya homa kupoa. Na homa ilipoa. Kufikia 2001 na 2002 magazeti mengi ya Magharibi yalikuwa yameihesabu Pokémon pamoja na Tamagotchi, ambayo iliuza makumi ya mamilioni kisha ikamwachia Bandai maghala ya mayai yasiyonunuliwa na hasara kubwa. Pokémon ilivuka kipindi hicho kwa sababu kulikuwa na chombo ambacho kisingekuwa na kazi ya kufanya kama isingevuka.

Neno moja kuhusu serikali, kwa kuwa jambo hili hupotoshwa katika semina za sera za utamaduni. Huambiwa kwamba Japani iliamua kuuza utamaduni wake nje, na Pokémon ni tunda la uamuzi huo. Tarehe zinakataa. Michezo hiyo ilitengenezwa katikati ya mdororo wa uchumi uliofuata kupasuka kwa puto la mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kampuni ndogo ambayo hakuna wizara iliyoifahamu. Mfuko wa Cool Japan ulianzishwa Novemba 2013, miaka 17 baada ya Ekans na Sandshrew. Serikali iliukuta mti umekwisha kuzaa, ikaweka kibao chini yake.

Digimon haikufa. Ilirudi kwenye televisheni mwaka 2006, mchezo wa Cyber Sleuth wa mwaka 2015 uliwafurahisha waliokuwa watoto wakati wa Agumon, na kadi zake mpya zilizoanza mwaka 2020 zina wachezaji waaminifu. Mwaka 2023 Pokémon nayo ilifanya kile ambacho Digimon ilikifanya kila mwaka: ilimwaga Ash, ikaleta mashujaa wapya. Ilikuwa imesubiri miaka 26. Miezi michache kabla, Novemba 2022, ilitoa michezo ya Scarlet na Violet, iliyouza nakala milioni 10 kwa siku tatu. Waya haupo tena, siku hizi ni intaneti, lakini matoleo bado ni mawili, na bado kuna viumbe waliomo katika moja tu.